Saa Iliyopanda Kilima

Alhamisi, saa tatu asubuhi, umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima na Inspekta Msaidizi Sulabha Dhamdhere alikuwa ameketi jikoni kwa watu, viatu vyake vikichuruzika maji sakafuni. Mbele yake mezani kulikuwa na simu ya mwanamke aliyepotea. Kando ya simu kulikuwa na saa ya mkononi ya mwanamke huyo huyo, iliyorudishwa asubuhi ile na watu wa ufundi ikiwa imejaa chaji.

Mwenyewe, Kusum Agashe, mwalimu mstaafu wa miaka sitini na moja, alitoka nyumbani Jumanne saa kumi na mbili kasorobo alfajiri kwenda kutembea kilimani kama kawaida yake, na hakurudi. Simu aliiacha, maana alikuwa akisema simu inamharibia matembezi. Saa yake, ile ya kuhesabu hatua na mapigo ya moyo na kuandika kila mahali inapopita, mbwa wa polisi waliigundua jioni ile ile chini ya kichaka katikati ya njia ya kilimani, mkanda mzima, betri imekufa. Tangu hapo watu sitini walikuwa wamekipekua kilima hicho jiwe kwa jiwe kwenye mvua ya Agosti, wasipate hata kamba ya kiatu. Magazeti ya jiji la Pune yalishaamua kuwa ni chui. Mkuu wa kituo, Inspekta Nimbalkar, naye alianza kumpenda chui huyo, kwa sababu chui hahitaji kufikishwa mahakamani.

Kusum alikuwa na kisukari cha kuchoma sindano. Daktari wake hakumung'unya maneno: bila insulini na bila maji ya kutosha, mgonjwa wa aina ile hahesabiwi siku zaidi ya tatu. Ya tatu ndiyo ilikuwa hii. Sulabha hakuwa amelala kitandani tangu Jumanne, na kila alipofumba macho alikiona kilima.

Mlango ulisukumwa. Shubhangi Tulpule aliingia akihema, mkono mmoja kifuani, mwingine umeshika fremu ya mlango. Huyu alikuwa meneja wa benki kabla ya kustaafu, na sasa alikuwa kiongozi wa kundi la wanawake wanne waliojiita Nyayo za Alfajiri. Kila mmoja alikuwa na saa kama ile, na kila mmoja aliziona hatua za wenzake kwenye simu na kuwapigia makofi.

"Ngazi," alisema. "Lifti imekufa. Nipe dakika, mwanangu."

Sulabha alimsogezea kiti na glasi ya maji. "Unaijua namba ya siri ya simu hii?"

"Mimi ndiye niliyemwekea. Kusum na simu walikuwa kama paka na maji." Shubhangi alibonyeza tarakimu nne, akafungua programu ya hatua, akasubiri saa na simu zisemezane. Machozi yalimlengalenga mara moja. "Hii hapa Jumanne. Ona. Hatua elfu saba na mia tisa, kilima kizima, saa kumi na mbili na dakika mbili mpaka saa moja na dakika ishirini na moja. Siku aliyopotea! Na sisi tulishampigia makofi alfajiri ile kwa mazoea, kabla hata hatua hazijaingia. Soma nilichomwandikia."

Sulabha alisoma. *Simba jike wetu! Umri ni wa makaratasi tu. Ukisimama leo tunakuja kukubeba.* Chini yake wenzake wawili walikuwa wametia yao: *Unatuua kwa wivu, mwaya. Miguu ya chuma. Kesho tena!*

"Kila siku mnamwandikia hivi?"

"Kila siku ya Mungu. Ndiyo dawa yenyewe. Mtu peke yake atalala. Ukimtia moyo ataamka."

"Mnatembea pamoja?"

"Zamani. Sasa kila mtu na muda wake, tunakutana humu." Aligonga kioo cha simu kwa ukucha. "Kusum alikuwa wa kwanza miezi minane mfululizo."

Sulabha aliivuta simu upande wake. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na Jumanne alipopanda kilima kile nyuma ya mbwa, moyo ulitaka kumtokea masikioni. Aliutafuta mstari wa mapigo ya moyo. Pale penye mwinuko mkali kuliko pote, moyo wa Kusum Agashe, mwenye kisukari na vidonge vya presha, ulikuwa umepiga mara mia moja na nne kwa dakika.

"Mama Tulpule, wewe ukipanda pale moyo wako unafika ngapi?"

Shubhangi alikunywa maji. "Sijawahi kutazama," alisema.

Sulabha aliendelea kuteremsha kidole, akakoma. Kumbukumbu za Jumanne hazikuishia saa moja na dakika ishirini na moja. Saa ile iliendelea kutembea.

"Bwana Agashe!" aliita.

Anant Agashe, mume wa Kusum, alikuja kutoka sebuleni. Alikuwa mzee mwembamba aliyevaa shati lile lile la Jumanne. Alisimama mlangoni kama mgeni ndani ya nyumba yake.

"Mmempata?"

"Bado, baba. Njoo uone hapa." Sulabha aliigeuza simu. "Saa ya mkeo ilishuka kilimani. Kuanzia saa mbili na dakika kumi ilikuwa ikizunguka mtaa huu. Nusu saa jengo la kwanza. Ngazi. Dakika arobaini jengo la pili. Ngazi tena. Hatua fupi fupi, mbele na nyuma, maelfu." Alisogeza kidole. "Saa sita mchana mpaka saa saba kasoro dakika kumi ilikuwa ndani ya jengo hili."

"Jumanne saa sita," Anant alisema polepole, "nyinyi mlikuwa sebuleni kwangu."

"Ndiyo. Tulikuwa tunakunywa chai yako."

Shubhangi alianza kulia kwa sauti. "Alikuwa humu! Mtu amemfungia humu! Vunjeni milango, afande, mnangoja nini? Mwenzetu anakufa!"

Akili ya kwanza ilimtuma Sulabha kwenye ghorofa zote ishirini za jengo, chumba kwa chumba. Alikuwa ameshanyanyuka nusu kwenye kiti. Lakini mtu aliyefungiwa haendi jengo la kwanza na la pili, na hapandi ngazi za ghorofa ishirini na tatu kwa asubuhi moja. Na baada ya hapo, saa nane na dakika arobaini, saa ile ilipanda kilima tena kwa mwendo wa kukimbia, na saa tisa na dakika tano ikatulia chini ya kichaka na haikusogea tena.

Alikaa. Alirudi nyuma: wiki iliyopita, mwezi uliopita, Juni. Hatua elfu kumi na tatu, elfu kumi na nne, elfu kumi na tatu. Kisha sifuri. Kisha tena elfu kumi na tatu.

"Hizi sifuri ni nini?"

"Siku alizochoka," Shubhangi alisema huku akijipangusa. "Au saa iliishiwa chaji. Siku hizo ndizo tulizomshambulia kwa maneno matamu. Unaona? Makofi thelathini na mawili siku moja."

"Tarehe tatu na kumi na tisa Juni. Tarehe saba, nane na ishirini na tano Julai." Sulabha alinyanyua macho kutafakari, na macho yakaangukia ukutani, juu ya mtungi wa mchele. Palikuwa na kalenda ya karatasi ya kila mwezi, ile inayoning'inia jikoni katika kila nyumba ya Pune, yenye mifungo na sikukuu, na maziwa yaliyoletwa yameandikwa kwa penseli. Ilikuwa bado haijageuzwa kutoka Julai, na kwenye baadhi ya tarehe kulikuwa na msalaba mwekundu. Tarehe saba. Tarehe nane. Tarehe ishirini na tano.

Alisimama akafunua karatasi ya Juni iliyokunjwa nyuma. Tarehe tatu na tarehe kumi na tisa.

"Bwana Agashe, misalaba hii ni ya nini?"

"Hiyo?" Mzee alionekana kushangaa kuulizwa. "Ni siku ambazo Chhaya hakuja kazini. Naandika mimi."

*

Chhaya Sonkamble alifanya kazi za ndani katika nyumba tano za mtaa ule: kufagia, kupiga deki, kuosha vyombo. Sulabha alimkuta ghorofa ya pili akisugua sufuria, akamwita ngazini. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mkavu, mwenye vifundo vya miguu vigumu kama mbao.

"Kaa, dada."

"Nimezoea kusimama, afande."

"Jumanne ulipanda kilima mara ngapi?"

Chhaya alicheka kicheko kisichokuwa na kitu ndani. "Mimi? Nikafuate nini kule? Kilima ni cha wenye shibe ya kupunguza."

"Mara mbili. Ya kwanza saa kumi na mbili na dakika mbili. Hiyo uliipanda taratibu, moyo wako haukushtuka hata kidogo. Ya pili saa nane na dakika arobaini." Sulabha alishusha sauti. "Mara hiyo ya pili moyo wako ulipiga mara mia moja hamsini na moja kwa dakika. Ulikuwa unakimbia nini?"

Sabuni ilimtiririka Chhaya mikononi mpaka kwenye viwiko. Akakaa.

"Sikuiba," alisema.

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingekuja na huyo." Alimwonyesha kwa kidevu Koplo Gaikhe, aliyesimama ngazi tatu chini yao. "Jumanne mchana alitupanga mstari, watumishi wote wa jengo. Kabla hajauliza mama amepotea vipi, aliuliza nani amekwapua nini. Alimwaga mikoba yetu sakafuni. Mimi saa ya mama ilikuwa humu, ndani ya blauzi. Ningesema nini? Kwamba amenipa? Nani angeniamini?"

"Sema na mimi. Alikupa lini?"

"Kila siku! Tangu baada ya sikukuu ya Diwali, mwaka jana." Machozi yalimtoka sasa bila kizuizi. "Magoti ya mama yamekwisha, afande. Yamekwisha kabisa. Ngazi anashuka kinyumenyume, kama mtoto. Nyumbani kuna lifti, nani angemwona? Alisema, Chhaya, wenzangu wamenishangilia sana, nitawaambiaje? Kila nikitaka kuwaambia wananiletea makofi mengine. Basi ananingoja nyuma ya hekalu alfajiri, ananivalisha, mimi napanda. Saa moja na nusu narudi pale pale, ananivua. Akitaka hatua zaidi ananiachia mpaka mchana. Hakunilazimisha. Jioni anamfundisha binti yangu hesabu."

"Na Jumanne?"

"Nilirudi hekaluni, hayupo. Nikangoja mpaka saa mbili. Hayupo. Nikaja kazini, nikasikia kelele. Alipomaliza kututupia mikoba huyo, nikasema moyoni, saa hii itaninyonga. Nikairudisha ilikotoka. Nilidhani mkiiona mtajua anatembea kule."

"Tulijua hivyo," Sulabha alisema. Siku mbili, watu sitini na mbwa wanne, kwenye kilima ambacho mwanamke yule hakukikanyaga tangu mwaka jana. "Dada, sikiliza. Wewe ukiwa kilimani, yeye alikuwa wapi?"

"Sijui."

"Fikiri."

"Naapa sijui! Alipanda bajaji ya kwenda mjini. Hakuniambia, nami sikuuliza. Siku zote alirudi amefurahi." Alijipangusa pua kwa kiganja. "Na maua. Ameyafunga kwenye pembe ya mtandio. Maua ya parijati, ya kuwapa miungu asubuhi."

Sulabha alipanda ngazi mbili mbili. Jikoni, kando ya jiko, ndani ya kishubaka cha miungu, maua sita yalikuwa yamekauka na kugeuka rangi ya chai. Vikonyo vyake tu vilibaki na rangi ya chungwa. Aliyaona Jumanne na kuyapita.

"Bwana Agashe, mparijati huu uko wapi? Maua haya hayauzwi, yanaokotwa chini ya mti kabla jua halijayachoma."

"Hapa uani hatuna." Mzee alikunja uso. "Kusum alikuwa akisema ameokota njiani. Mparijati ninaoujua mimi uko kwao. Kwenye wada ya baba yake, kule mji mkongwe. Nyumba kubwa ya ukoo, ua katikati. Lakini haina mtu mwaka wa pili, mbao zimeoza. Mkandarasi anaibomoa baada ya sikukuu ya Ganpati."

"Ufunguo nani anao?"

"Umetundikwa hapo nyuma ya ml..."

Msumari ulikuwa mtupu.

*

Inspekta Nimbalkar alisikiliza kwenye simu bila kumkatiza, na hilo peke yake lilimtia Sulabha wasiwasi.

"Kwa hiyo," alisema mwishowe, "mtumishi alikuwa na saa ya mama, akaenda kuificha kilimani, akadanganya siku mbili, na mama hayupo. Dhamdhere, umenimalizia kesi. Mlete."

"Afande, Kusum Agashe yuko kwenye wada ya baba yake. Nahitaji zimamoto na gari la wagonjwa."

"Una ushahidi gani?"

"Maua, afande."

"Maua kapambie nywele. Mtumishi aje kituoni sasa hivi. Wewe nenda kwenye hiyo wada yako na dereva, nakupa saa moja. Zimamoto waite mwenyewe, na wakikucheka usinitaje."

Hakuwa na la kufanya, na alilijua hilo. Chhaya aliingia kwenye gari la pili bila kusukumwa, mikono bado ina povu.

"Waambie ulichoniambia mimi," Sulabha alimwambia dirishani. "Neno kwa neno. Nitarudi na mama."

"Na akiwa amekufa?"

Sulabha alimgeukia Gaikhe. "Asiguswe. Maelezo yake nitayachukua mimi."

"Ndiyo, afande," koplo alisema, akitazama viatu vyake.

Mvua ilizidi. Barabara ya mjini ilikuwa imefunga, mabango ya Ganpati yamelowa, bajaji zimebanana mpaka kwenye milango ya maduka. Anant alikaa mbele karibu na dereva, kifuko cha sindano za mkewe mapajani. Shubhangi alijipakia nyuma bila kuomba ruhusa, na Sulabha hakuwa na muda wa kumteremsha.

"Ni uongo," Shubhangi alisema. "Yule mtumishi anamchafua mwenzangu. Kusum kutudanganya sisi? Miezi minane?"

"Kuna msalaba kwa kila sifuri, mama."

"Angetuambia. Sisi ni marafiki zake. Tungemwambia apumzike."

"Mngemwambia?"

Shubhangi aligeukia dirishani.

Lango la wada lilikuwa limezibwa kwa mabati mapya. Muuza tambuu wa upande wa pili alisema mafundi wa mkandarasi waliyapigilia Jumatano asubuhi. Walitazama ndani? Nani atazame ndani ya gofu, dada? Kelele hukusikia? Muuza tambuu alichekea mvua. Jioni zote vijana walikuwa wakijifunza ngoma za sikukuu kwenye uwanja wa shule hapo nyuma, ngoma mia mbili kwa mpigo. Hata mkewe akimwita chakula hasikii.

Dereva alilivuta bati kwa mnyororo wa gari. Likakatika kwa ukelele. Sulabha aliingia wa kwanza.

Uani mparijati ulikuwa umesimama peke yake, maua meupe yametapakaa kwenye matope. Pembeni yake, kwenye baraza, bembea ya mbao ya zamani ilikuwa inaning'inia kwa mnyororo mmoja. Wa pili ulikuwa umekwenda na dari. Nusu ya roshani ya juu ilikuwa chini: boriti, vigae, udongo, mavumbi yaliyogeuka tope.

"Kusum!" Anant aliita. Sauti ilimvunjika katikati. "Kusum, nijibu!"

Mvua tu juu ya vigae. Sulabha alipiga magoti na kuanza kuchimbua kwa mikono, kigae kwa kigae, akivirusha nyuma bila kutazama. Dereva alikuja upande wa pili. Anant alikuwa akivuta boriti ambayo watu watatu wasingeiweza. Moyoni Sulabha alikuwa ameshaanza kukata tamaa. Alijua hesabu za daktari, alijua saa ngapi zilipotea kilimani, na alijua nani aliyesaini amri ya kukipekua kilima. Ni yeye.

Kiatu kilitokea. Kiatu kizuri cha kutembelea, soli yake mpya kabisa.

Kusum Agashe alikuwa amelala ubavu chini ya boriti iliyoegemea ukuta, mguu mmoja umebanwa. Mdomo wake ulikuwa chini ya kigae kilichovunjika, na kutoka kwenye kigae hicho maji ya mvua yalidondoka tone kwa tone. Midomo ilikuwa imepasuka. Pumzi yake ilikuwa nzito na ya haraka, yenye harufu ya matunda yaliyooza, na macho yalikuwa wazi.

"Yu hai!" Sulabha alipiga ukelele ambao hakujua anao. "Baba, yu hai! Zimamoto wako wapi? Dereva, mpigie daktari, muulize dozi!"

Anant alipenya mpaka kwenye uso wa mkewe na kuushika kwa mikono miwili. Alikuwa akilia kama mtoto, na mvua ikilia naye.

Zimamoto walifika baada ya dakika kumi na tano na jeki, nao watu wa gari la wagonjwa wakamtundikia dripu pale pale kifusini. Walipokuwa wakiinua boriti, Sulabha aliinama sikioni mwake. Aliwasha kinasa sauti cha simu.

"Mwalimu, mimi ni polisi. Neno moja tu. Jumanne nani alikuwa amevaa saa yako?"

Macho ya Kusum yalizunguka taratibu. Yalimpita mumewe, yakampata Shubhangi, aliyesimama nyuma yao na sari imelowa mpaka kiunoni. Yakabaki hapo.

"Mimi," alisema. Sauti ilikuwa kama karatasi. "Nilikuwa natembea."

"Mwalimu, mguu wako uko chini ya boriti ya nyumba ya baba yako. Nani alikuwa kilimani?"

"Mimi. Waulize wenzangu. Hatua elfu nane."

Mwanamke huyu alikaa siku mbili na robo akinywa mvua ya kigae, na bado aibu ilikuwa na nguvu kuliko yeye. Na kwa neno hilo moja Chhaya alikuwa mwizi.

Ndipo Shubhangi Tulpule alipokaa kwenye tope, mzima mzima, na sari yake ya pamba ya thamani. Alimshika Kusum kidole kimoja cha mkono, kile kilichokuwa karibu.

"Shoga yangu," alisema, "yangu anaivaa Dashrath."

Kusum alimtazama.

"Dereva wangu. Tangu Januari. Mimi nikipanda ngazi tatu moyo unataka kunipasuka. Nilitaka kuwaambia, wewe ukawa unanipita kila siku, nikaona haya. Usiku nazidi kukuandikia maneno ili usije ukauliza." Alikuwa analia na kucheka pamoja. "Miezi minane, Kusum. Mimi namshangilia Chhaya wako, wewe unamshangilia Dashrath wangu. Wale wawili pale juu labda wanasalimiana."

Kitu kiliteleza kwenye uso wa Kusum, hakikufika kuwa tabasamu. Alifumba macho. Sulabha alidhani amekwenda, akamshika shingoni.

"Chhaya," Kusum alisema, macho bado yamefumba. "Nilimpa Chhaya. Mwenyewe. Kwa mkono wangu. Msimguse yule binti, hana kosa."

"Asante, mwalimu." Sulabha alizima kinasa sauti na, pale pale alipopiga magoti, akapiga simu kituoni. Vidole vilikuwa na tope, akakosea namba mara mbili.

Gaikhe alipokea kwa sauti ya mtu aliyekula akashiba.

"Afande, nilikuwa nakutafuta. Mkuu anasema urudi, kesi imefungwa."

"Imefungwaje?"

"Chhaya amekiri. Haikuchukua hata saa moja. Ameshaweka dole gumba."

"Amekiri nini, Gaikhe?"

"Kumuua mama Agashe. Alimsukuma kule kilimani, afande, kwa ajili ya saa. Hata mahali ametuonyesha kwenye ramani. Mbwa wanapandishwa sasa hivi wakatafute mwili."

Boriti ilinyanyuka. Watu wanne walimtelezesha Kusum kwenye machela, na mvua ilipompiga usoni alikunja uso kwa ghadhabu, kama mtu yeyote aliye hai. Sulabha alitembea kando ya machela, akainama na kumwekea simu mdomoni.

"Mwalimu," alisema, "mwambie koplo jina lako kamili."

Kusum Anant Agashe alilisema jina lake polepole, kama anavyowaandikia wanafunzi ubaoni. Upande wa pili, nyuma ya Gaikhe, mbali kidogo na simu, mwanamke alikuwa akilia na mtu akimwambia anyamaze.